Mtungi wa Ndani

Baba, tulikuzika na mikono yako myekundu.
Aliyekuosha alisugua, akabadili sabuni, akaacha.
Miaka arobaini ya kudabaghi pale Kaya:
maganda ya mgunga yametwangwa, yamelowekwa,
ngozi za mbuzi zikizama mbichi, teketeke, zinanuka,
zikiibuka zimenyamaza,
haziozi tena, funza hazioni.

Mimi sikutaka mtungi. Nilitaka kuku.
Vifaranga mia na ishirini walikuja kwa basi toka Wagadugu
wakilia njia nzima,
na utingo akanitoza nauli ya mtu mzima.

Mtama nilipanda mwekundu, kwa hesabu.
Mwaka wa mtama mweupe kwelea walishuka,
wakaniachia mabua.
Huu mwekundu waliuonja,
wakapangusa midomo matawini, wakahamia kwa Raogo.
Nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka Raogo akasikia.
Sikujiuliza: kinachomfukuza ndege kondeni
kitamfanya nini ndege bandani?

Wiki ya sita, mizani ya ndoano:
gramu mia tatu na themanini.
Wa Lamusa, wala mahindi, mia saba na ushee.
Nikaongeza mashudu ya karanga.
Nikaongeza tena. Nikauza pete.
Walikula vizuri tu, wakabaki mifupa yenye manyoya.
Ila nyuma ya banda, nilipokuwa namwaga kinyesi,
bamia zilinawiri hata zikaniaibisha.
Pete yangu ilikuwa imepita matumboni mwao
kama abiria aliyelala, akapitiliza kituo.

Akaja Zenabo wa mifugo na pikipiki yake.
Akasaga punje, akadondosha dawa;
maji yakawa meusi kama wino.
"Tanini," akasema. "Ikimkuta protini, inamkumbatia.
Vimeng'enya vinavyokuja kumkata
navyo ni protini; navyo vinafungwa mikono.
Chakula kinaingia chakula, kinatoka chakula."
Nikamkatiza: "Ndiyo maana ngozi haiozi."
Akanitazama. "Umesomea wapi?"
"Mtungini," nikasema, kisha sikuweza kuendelea.

Maana niliwaona, Baba, wote mia na ishirini,
kila mmoja na mtungi wake mdogo ndani,
na mimi kila alfajiri
natia maganda.

Kabla ya maganda, wewe ulianza na majivu.
Maji ya majivu, manyoya yakaachia ngozi.
Nilimwuliza Zenabo; akasema jaribu, wengine hufanya hivyo.
Nikaloweka punje usiku kucha katika maji hayo.
Asubuhi yalitoka na rangi niliyoijua.
Nikasuuza mara tatu, nikaanika,
nikachanganya nusu kwa nusu na mtama mweupe
nilioununua, ndiyo, kwa Raogo,
ule uliosalia baada ya kwelea wangu.
Hakunipunguzia hata faranga moja.

Si muujiza. Kumi na wawili walikuwa wameshakufa.
Waliobaki wanapanda polepole:
mia nne na tisini, mia tano na sitini,
na jogoo mmoja mwenye kiburi, mia sita kamili.
Bamia zimeanza kukonda.

Jana Raogo aliona viganja vyangu juu ya ua.
"Talato, umerudi kwenye ngozi?"
Nikavitazama. Vyekundu hadi kifundoni,
na sabuni ya asubuhi haikufua dafu.
Nikamwambia hapana.
Baba alikuwa anaitia.
Mimi naitoa.