Mlio wa Kigoda

Bytom, baridi ya mwaka themanini na saba.
Ewald alikuwa amenguruma siku nne mfululizo
hata koo likagoma, kama farasi wa mgodini
akataaye kuingia kwenye lifti.
Akafungua kinywa, ukatoka upepo.
Studio tulishailipia hadi saa sita usiku,
na upande wa kwanza wa kaseti
ulikuwa na dakika tatu tupu, zinatutolea macho.

Gerard akachomoa waya,
akaenda kwa mlinzi wa mlango kuazima gitaa kavu,
lile la nyimbo za kanisani,
lenye picha ya Mtakatifu Barbara tumboni,
yeye anayetuombea sisi wa makaa.
Ewald akanong'ona: "Tupige kile cha mama."

Hatukujua kama kuna cha mama.
Miaka sita tumepiga kelele za majivu na minyororo,
tumevaa mafuvu vifuani kama vitambulisho,
kumbe chini ya zogo lote lile
kulikuwa na mtu anakunja nguo za marehemu
polepole, asimwamshe mtoto.

"Na mimi?" nikauliza.
"Wewe tulia."

Mpiga dramu, kuambiwa atulie!
Mikono yangu asubuhi ilivunja mwamba, jioni ikavunja ngozi za dramu,
na sikuwahi kuona tofauti.
Nikaikalia,
mmoja chini ya kila paja,
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.
Nikabana pumzi.

Kule chini, dari likitaka kushuka,
kwanza hunyamaza. Kisha nguzo hulia.
Ndivyo alivyonifunza baba, sikio kwenye gogo la msonobari:
"Mti hubisha hodi, Achim. Chuma huingia tu."
Mwaka themanini na moja wakang'oa nguzo za mti
wakasimamisha za chuma, nzuri, za kisasa.
Baba hakusikia hodi.

Ubeti wa pili,
pale mama anapozima taa zote akabakiza ya jikoni,
kigoda changu kikalia.
Kiii.
Mara moja tu.
Ewald akafumbua macho, akaendelea.
Hatukurudia.
Hakukuwa na utepe wa kurudia.

Kwenye jalada mchapaji akaandika kama alivyoambiwa:
Ewald, sauti. Gerard, gitaa. Achim, kigoda.
Nilicheka wiki nzima, hata kule shimoni.

Siku hizi naambiwa kumbi hufurika,
watu weusi tii kwa nguo, misumari mikononi,
wanaume wa kilo mia na ndevu za kitubio,
na ukifika ubeti wa pili wote hunyamaza
wakingoja kitu ambacho hakikuwemo kwenye wimbo.

Mapafu yangu yamejaa vumbi, sisafiri tena.
Kijana aliyenirithi, Tymon, alinipigia simu jana toka Dortmund,
nusu saa kabla ya kupanda jukwaani:
"Mzee Achim, kiti changu ni cha chuma.
Nimekitingisha, nimekikalia upande, hakilii. Nifanyeje?"

Nikakohoa kwanza. Kisha nikamwambia:
tafuta cha mti, kikuukuu, usikitie mafuta.
Uikalie mikono.
Na ukikisikia kinalia, mwanangu,
usikimbie.