A ya Pili

Leo nimeandika ubaoni KATA,
nikachora panga na muwa.
Watoto hamsini na wanane wakakata hewa kwa viganja.
Nikaongeza herufi moja, chaki ikalia:
KATAA.
Hili je?
Shazili akasimama, penseli sikioni:
"Ni kata, mwalimu, ila muwa mrefu."

Nilicheka mpaka nikakaa.
Kaa, nikawaambia, nalo ni neno.
Livuteni kama mpira wa manati,
msiachie mapema.
Wakavuta wote, darasa zima,
wengine mpaka pumzi ikawaishia
na mbuzi wa jirani akaitikia dirishani.

Huku Newala ulimi una mazoea yake.
Kimakonde hukawia kwenye silabi ya pili toka mwisho,
kama mgeni aliyefika mlangoni
na bado hajavua viatu.
Mtoto huandika alichosikia kwao:
maama, kalaamu, daawa.
Nami na wino wangu mwekundu
napita nikifuta A za bibi zao.
Sikio lako halikosei, namwambia.
Ila kitabuni tunavuta pale tu
ambapo neno lingegeuka jingine.
Shanga huvaliwa. Shangaa hufungua mdomo.
Koma, ukiwa mtundu.
Komaa, ukiwa papai.

Herufi zetu ni za mbao.
Nilimwomba fundi Nantende, babu yake Somoe,
A moja, E moja, I, O na U,
wanaojifunza kwa vidole nao wapate cha kushika.
Nilimchorea kwenye boksi la chaki, maana hakusoma.
Akaleta mbili mbili.
Ulijuaje, fundi?
Hakujua kitu. Ubao wa mkorosho ulibaki,
akaona haya kuutupa.
E moja ina mikono minne.
Hakutaka malipo, alitaka maji ya kunywa,
na siku ile mtungi wa shule ulikuwa mkavu.

Kwa O zake tuliandika choo,
wakacheka, kama wanavyocheka kila mara.
Kwa U zake, mguu.
U mbili, nikasema kwa kujigamba, na wewe una miguu miwili.
"Kuku naye ana U mbili," akasema Shazili,
"na miguu miwili."
Zimetengana, nikajibu.
"Hata miguu yake imetengana, mwalimu."
Kengele ikaniokoa.

Mwezi wa korosho nusu ya darasa iko mashambani.
Wanaobaki huja na vidole vinavyonata mabibo,
kurasa za madaftari zikagandana.
Kwa hiyo Somoe alipokosa Jumatatu
niliandika tu: hayupo, korosho.
Jumanne, hivyo hivyo.
Alhamisi akaja, kajifunga khanga ya mama yake juu ya sare,
akanipa daftari kabla sijaliomba.
Mstari mmoja, umeegemea kulia:

BABU AMEKUFAA.

Kalamu nyekundu ilishafika.
Ilisimama juu ya ile A ya mwisho,
ikadondosha kitone, haikuandika.
Najua alichotaka kusema.
Nadhani aliliandika neno lilivyoliliwa uani,
usiku kucha, wanawake wakilivuta
wala hakuna aliyetaka kuliachia.
Lakini mimi kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa,
na kilichoandikwa kilikuwa kinanitazama mimi:
amekufaa, mwalimu. Wewe.
Nikatazama meza, zile mbao kumi.

"Nimepata?" akauliza,
akingoja alama ya vema.

Miaka kumi na moja nafundisha darasa la kwanza.
Nimeeleza tofauti ya kufa na kufaa
kwa mfano wa jembe, kwa mfano wa inzi.
Tutalisoma tena kesho, nikasema.
Leo kaa.

Akakaa.
Shazili alisogea bila kuambiwa,
akamsukumia ile E ya mikono minne
aishike.