Kadi ya Mama Nshobole

Alipofungua mdomo niliiona Kadutu:
nyumba zimeshika mlima kwa kucha,
udongo ukizihama chini ya misingi.
Ufizi umerudi nyuma. Mizizi iko nje, rangi ya chai.
Dokta Bahizire anapima kwa kijiti cha chuma:
tatu, nne, sita.
Naandika. Sita tena.
Damu inakifuata chuma bila kuulizwa.

Unapiga mswaki?
Anautoa mkobani, kwenye mfuko wa sukari,
nywele zake zimelala chali kama nyasi baada ya mafuriko.
Asubuhi na usiku, anasema. Kwa chumvi.
Hata kwa mkaa, dada yangu alipokuja kutoka Walungu.

Na kulala, unalala?

Hapo akafunga mdomo.
Nje muuza sambaza alipita na bei yake.

Kisha akaiambia dari, si sisi:
tangu korongo libebe nyumba ya jirani Cirhuza,
na mlango wake mpya, na mbuzi,
kila tone kwenye bati nalihesabu.
Watoto wanalala na viatu miguuni.
Baba yao yuko Kamituga, shimoni,
simu yake inapatikana Jumapili tu, kama misa.
Deni la kikundi limezaa deni.
Siku hizi taya linaamka kabla yangu,
nalikuta limeshaanza kusaga.

Dokta alivua glavu moja.
Mwili unaokesha miaka, mama,
huchoka kulinda vitu vidogo.
Huuacha wazi mlango wa nyuma,
na wadudu wa utando
hawaombi zaidi ya hapo.

Akakwangua ugaga, taratibu, saa nzima.
Jino moja la chini lilicheza kama ufunguo.
Uling'oe? Hapana, tusubiri.
Naye akacheka, kiganja mdomoni:
jino la pembe si dawa ya pengo,
na pembe yenyewe, franga ngapi?

Kwenye kadi, mbele ya neno Sababu,
pana mstari mmoja.
Niliandika: utando, ugaga.
Kalamu ikasita.
Mvua ningeiandika wapi?

Jioni nikishuka ngazi za soko
wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, zito, halina haraka.
Nilifika chini kabisa
ndipo nikagundua meno yangu yamekutana,
yamebanana,
nami sikuyaita.