Kikohozi cha Jeanette

Kanda ya zamani haichezwi hivi hivi.
Hupikwa kwanza: oveni, nyuzi hamsini na nne,
mchana kutwa, moto wa kuumulia unga,
isije ikaacha ngozi yake kwenye mashine.
Hayo nimeyasoma mgongoni mwa jalada,
nimesimama dukani, mjini Hull, mvua nje,
viazi kilo mbili mkononi.
Santuri ya zambarau. Pauni ishirini na nane.
Na sisi wanne, miaka kumi na tisa,
tumekunja nyuso kama watu wanaodai.

Na kumbe.

Wa tatu kutoka kushoto ndimi, mpiga besi.
Jina langu limepungua herufi.
Chini kabisa: haki zote zimehifadhiwa.
Zimehifadhiwa kabati gani, nami sina ufunguo?

Tulirekodi juu ya ghala la samaki, barabara ya Hessle,
alasiri moja ya Februari, nyimbo sita,
hita ya mafuta ya taa ikitunukia vibaya kuliko samaki.
Jeanette alikuwa na mafua.
Kabla ya wimbo wa pili alikohoa,
akajicheka, Barry akagonga fimbo mara nne,
halafu sisi, wote kwa pamoja, karibu kwa pamoja.

Desmond Thwaite alikuwa na lebo na baiskeli.
"Mkataba?" alisema. "Mkataba ni wa mabepari."
Tukampigia makofi! Tulikuwa maadui wa karatasi.
Tukashikana mikono, vidole vina siki ya chipsi:
nusu yenu, nusu yangu, baada ya gharama.
Gharama.
Sijaona neno refu kama hilo.
Limeanza mwaka sabini na nane, halijafika mwisho.

Miaka miwili ya barua. Wakili mmoja, kisha mwingine.
Barry na Colin hawasalimiani tena,
wanapishana kwenye foleni ya dawa kama mabasi.
Mimi nikapanda basi kweli, hadi Withernsea,
kumtukana Desmond ana kwa ana.
Akafungua mlango kwa magoti mabovu.
Nilikuwa na maneno saba tayari. Nikatumia mawili.

Akaleta daftari.
Gundi, pauni mbili na peni kumi. Stempu.
Mama, kukunja majalada, usiku nne: hakulipwa.
Na kanda zetu zilikaa chini ya kitanda cha huyo mama
miaka arobaini na kitu, zimefungwa taulo, kavu.
Sisi tungezitupa. Barry alitupa ngoma zenyewe.
Kisha paa likavuja, akaiuzia lebo kampuni ya London,
kanda, picha, sisi na mafua yetu,
kwa bei ya paa.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo wanavyosema. Basi njooni mwone:
daftari lipo, mistari imenyooka,
na mali imepotea kwa habari zake zote.

Chai aliyonipa ilikuwa nzuri. Hilo nalo linaniudhi.

Nyumbani nikaweka santuri.
Wimbo wa kwanza, sawa. Kisha kimya safi,
kimya cha hospitali, kisha fimbo nne.
Nikarudisha sindano. Nikarudisha tena.
Fundi wa London amemponya Jeanette.

Wakili akauliza, tuseme asilimia ngapi?
Nikamwambia, sekunde tano.
Akadhani simu inakatika.

Wamejibu juzi, karatasi nzito, nembo ya dhahabu.
Asilimia kumi na mbili, wamekubali; herufi yangu pia.
Kuhusu kikohozi, wanasikitika:
kisheria, kikohozi hakina mtunzi.

Nimechukua kalamu ya mjukuu, ya kijani, ndiyo iliyokuwepo.
Chapa ya pili, nimewaandikia, iseme hivi:
Maneno na muziki, sote wanne.
Majalada, mama yake Desmond.
Kikohozi, Jeanette Garbutt,
1959 hadi 1991.