Dirisha Moja Tu

Nywila niliikuta nyuma ya daftari la mauzo,
kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa Gwakisa:
herufi kumi na mbili na alama ya mshangao mwishoni,
kama mtu anayeaga huku akicheka.
Kahamia Dodoma. Simu yake inaita tu.
Na Bi Shamsa, bila kuinua macho kwenye kitambaa anachopima,
akaniambia: "Si umesoma kompyuta wewe? Ingia."

Nimesoma, ndiyo. Miezi mitatu, Buguruni,
kuandika barua na kupigia maneno mstari.

Nikaingia.

Picha ndogondogo, safu kwa safu,
kama vifungo kwenye kadi ya fundi cherehani.
Hifadhidata. Vyeti. Majina na anwani. Kazi za kila saa.
Kila kimoja kikinitazama kama ofisa wa dirisha namba nne
anayejua umeleta fomu isiyo yenyewe.
Dakika ishirini sikubofya kitu.
Nilishika kipanya kama niliyepakatishwa mtoto wa watu.

Kisha juu, pembeni, nikasoma:
Mpango wako: wa pamoja.
Nafasi iliyotumika: asilimia tisini na moja.
Nikacheka peke yangu. Kumbe ni Keko!
Humu nimezaliwa. Nyumba ya vyumba sita,
ukumbi katikati, mita moja ya umeme,
na mama wa chumba cha tatu mwenye friji la barafu za kuuza
anayetumalizia uniti kabla ya Ijumaa.
Mwenye nyumba humwoni,
ila kodi ikichelewa utamjua kwa kufuli.

Basi nikatembea kwa miguu ya utotoni.
Kabrasha la hadharani ni baraza:
ukiweka kitu, kila apitaye kakiona,
usianike huko nguo za ndani.
Nje ya kabrasha hilo ni uani kwetu.
Hifadhidata ni sanduku la bati chini ya kitanda cha mama,
lenye vyeti vya kuzaliwa na risiti za ada;
kando yake kitufe chekundu, Futa,
nikakipita nimebana pumzi.
Majina na anwani ni yule kijana wa kona anayeelekeza wageni:
ukimwambia umehama, siku mbili nzima
bado anawapeleka kule kule.

Cheti cha usalama kilikufa tangu Machi.
Ndiyo maana wateja walisema tovuti yetu inawatisha.
Nikabofya Huisha. Ikazunguka. Ikazunguka.
Bando likakata.
Nikanunua la mia tano.

Saa mbili usiku, Mtaa wa Kongo umebaki na maboksi na paka,
nikafika Barua Pepe.
Masanduku mawili. La Bi Shamsa, tupu.
La pili linaitwa Oda. Hakuna aliyewahi kuniambia lipo.
Hazijasomwa: mia tatu na kumi na saba.

Masasi. Tunduma. Kahama. Mpanda.
Watu wamepiga picha madirisha yao,
wameweka rula kando, wengine kiganja,
wakaandika: vipimo ndivyo hivi.
Madirisha mia tatu yamekaa gizani humu,
yanakula nafasi, na mimi mchana kutwa
natafuta kilichojaa.

Paneli inashauri:
Futa barua za zamani ili upate nafasi.

Nikafungua ya chini kabisa. Miaka miwili na mwezi.
Asumini Chitanda, Nachingwea.
"Naomba kuuliza, mnauza hata pazia la dirisha moja tu?
Chumba changu kina moja."

Bi Shamsa keshafunga hesabu, anatikisa funguo.
Nikaandika kwa vidole viwili,
vile vile tulivyokatazwa Buguruni:

"Dada Asumini, samahani kwa kuchelewa. Tunauza.
Dirisha bado ni lile lile?"