Fomu ya Nyumba za Kale, Tudor

Asubuhi ya nne napita mitaa ya Tudor,
futi ya chuma kiunoni, fomu kwapani,
nikiziuliza nyumba umri.
Hazidanganyi, ila hazisemi yote.
Ile ya pembeni imechorwa mwaka juu ya mlango,
tarakimu ya tatu imeanguka:
imebaki kumi na tisa, pengo, saba,
kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili.

Ile ya marehemu Kayetano, karani wa bandari,
vigae vyake vilikuja na meli kutoka Mangalori.
Kunguru wanaijua idadi yake kunishinda.
Ile ya Bi Nargisi ina roshani ya mbao, ina nakshi,
na ghorofa mpya kiambazani mwake.
"Jua langu la alasiri," aliniambia,
"limenunuliwa, na mimi sikuliuza."
Fomu haina mahali pa jua.

Kuta: mawe ya matumbawe, chokaa.
Dari: boriti za mkoko.
Hali: wastani.
Wastani, wastani. Nimeliandika neno hili
mpaka limechakaa mkononi.

Nikafika nambari kumi na saba.
Ngonyo wa getini akafungua kitabu cha wageni.
"Waenda kwa nani?"
Nikakosa jina la kumpa.
"Kwa nyumba," nikasema, akaandika hivyo hivyo.

Sebule: futi ishirini na mbili kwa kumi na nane.
Sikuwahi kuikanyaga. Niliijua kwa harufu tu,
nta ya sakafu ikipita dirishani.
Nikavua viatu. Hakuna aliyeniamuru.

Kisha uani, ng'ambo ya kamba za nguo,
kile chumba.
Fomu yasema: vibanda vya nyuma visihesabiwe.
Ramani ya mwenye nyumba mpya yasema:
magari manne.

Mlango umekwenda, bawaba zimebaki.
Kengele ingali ukutani, na waya wake
uliotoka meza ya chakula, ukapita chini ya mpera,
ukaja kumwinua mamangu.
Na kwenye ubao wa dirisha, alama ya pasi,
nyeusi, pua imeelekea nje.
Siku hiyo kengele ililia mara tatu.
Akaiacha na makaa yake, akakimbia,
akarudi ubao umeshaliwa.
Mshahara ulikatwa shilingi sita.
Mimi nilikuwa mvunguni na daftari,
hesabu za kutoa. Arubaini toa sita.
Sikuhitaji vidole.

Nikafungua futi.
Urefu inchi saba. Upana, palipo panapana, nne na robo.
Penye "Sifa za pekee," nikaandika:
alama ya pasi ya makaa, dirisha la uani,
mkono wa Mbodze binti Mwaringa,
mwaka ule mvua ilivunja ukuta wa shule.
Hali:
Hapo kalamu ikagoma.
Wastani lilikuwa tayari vidoleni.
Nikapangusa ubao kwa ncha ya shati,
nikauinamia, nikanusa.
Vumbi. Vumbi, na kinyesi cha mjusi.
Nikaacha pengo.

Getini Ngonyo alinisubiri na kitabu chake.
"Saa ya kutoka?"
Nikatazama mkono.
Saa saba kasorobo.
Meza ingekuwa imeshaandaliwa.
Nikasimama pale, kalamu hewani,
nikingoja ilie.