Hori

Ramani ya bwawa inapaita hori.
Sawa. Hata zamani palikuwa na hori:
gogo lililochongwa, ndama wa Chidawali wakinywa,
nyuma yao Kilima cha Pimbi.

Mtera ilipojaa, kilima kikawa kisiwa.
Maji hayakubisha hodi;
yaliingia zizini kabla ng'ombe hawajarudi malishoni.
Tembe letu halikuanguka. Liliyeyuka.

Leo migunga mikavu imesimama majini, mnandi juu yake,
na wavuvi wa perege hukata nyavu zikinasa
wasijue ni kizingiti cha nani.

Mwaka wa ukame nilivuka.
Mtumbwi ukakwama uani kwetu.
Nikashuka, nikavua viatu,
nikahesabu mafiga: mawili.
La tatu Mama Nyemo alihama nalo
hadi Migoli, kichwani,
akikataa kusema kwa nini.